Gari la Kuunga Lataka Kipimo



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kumjibu mwenzangu wa Kidato cha Sita, ambaye muhula uliopita aliandika habari za gari linaloungwa katika karakana ya fundi wetu hapa Kighare. Aliisifu kazi ile, nami nakubaliana naye. Aliwasifu pia wanafunzi wanaokwenda kusaidia siku za Jumamosi, na kwa kuwa mimi ni mmoja wao sitazikataa sifa hizo. Lakini mwishoni aliandika neno ambalo sasa limeenea mabweni yote kama moto wa kiangazi: kwamba fedha iliyobaki inunue pampu ya petroli yenye nguvu kupita zote zinazopatikana Moshi, na klachi ya magari ya mashindano, ili gari lipande milima bila kuomba ruhusa. Hapo ndipo tunapoachana njia.

Mimi nasema kwamba pampu na klachi havichaguliwi kwa nguvu. Vyachaguliwa kwa kipimo, na kipimo chenyewe hakitoki dukani. Chatoka katika kabureta, katika tangi, katika shafti ya giaboksi, na katika mlima huu tunaokaa. Mwenye duka hajui hata kimoja cha hivyo. Yeye anajua bei.

Kwa faida ya wale ambao hawajafika karakanani, nieleze gari lenyewe. Chesisi na giaboksi vimetoka katika Land Rover ya zamani iliyolala nyuma ya nyumba ya mtu miaka mingi, kuku wakitaga chini yake. Injini ni ya Toyota, silinda nne, ya kabureta, nayo ilinunuliwa kwa mkono wa pili. Tangi limetoka katika gari la tatu, na kwa sasa limefungwa nyuma kabisa, chini ya bodi. Bodi ni ya mabati na mbao. Likimalizika litashusha ndizi na maharage ya watu hadi Mwanga mjini, na kurudi na saruji, mabati na abiria. Na usiku, kama kawaida ya gari lolote huku milimani, litagongewa mlango kupeleka mgonjwa. Kwa hiyo swali la pampu na klachi si mchezo wa vijana wenye kupenda magari. Mtu atakaa nyuma ya gari hili akiwa na mtoto mgonjwa mapajani, na kona ziko mbele yake.

Wako wanafunzi wanaodhani kwamba kuunga gari ni jambo la kimaskini, la watu wasioweza kununua zima. Hasha. Uingereza, kampuni ya Lotus ilitoa mwaka 1957 gari dogo liitwalo Seven, na mtu aliweza kulinunua vipande vipande akaliunga mwenyewe nyumbani, kwani gari la vipande halikutozwa kodi ya mauzo iliyotozwa gari zima. Desturi hiyo ilishamiri mpaka kodi ilipobadilishwa mwaka 1973. Hapa kwetu Kibaha, kiwanda cha TAMCO kiliwahi kuunganisha malori ya Scania ambayo vipande vyake vilikuja kutoka ng’ambo. Na huko Thika, Kenya, kiwanda kilichoanza kwa jina la Leyland katika miaka ya 1970 kilifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Wakenya walijaribu hata zaidi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la nchi yao, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani. Hayakufika sokoni, maana fedha ya kuyatengeneza kwa wingi haikupatikana, lakini yalitembea.

Basi tofauti ya magari hayo na letu ni ipi? Vipande vya Scania vilivyofika Kibaha vilikwisha pimwa vyote na watu wa nyumba moja. Aliyefunga klachi hakuwa na haja ya kuuliza kama meno yake yataingia katika shafti, kwa kuwa aliyechora shafti ndiye aliyechora klachi. Sisi tuna chesisi ya Mwingereza, injini ya Mjapani na tangi ambalo hata fundi amesahau limetoka wapi. Vipande hivi havijawahi kusalimiana. Kazi ya kuvijulisha ni yetu, nayo ni kazi ya rula, kalamu na subira.

Nianze na pampu, maana ndiyo iliyoleta maneno mengi.

Sisi wa huku Upareni tuna bahati kwamba jambo hili tumezaliwa nalo. Nani kati yetu asiyeijua ndiva? Maji ya kijito hukusanywa usiku katika bwawa lililojengwa juu ya mashamba. Asubuhi mlango hufunguliwa, na maji hushuka yenyewe kwa mifereji bila mashine yoyote, kwa sababu ndiva iko juu na shamba liko chini. Petroli nayo ina tabia hiyo hiyo. Ford ya Modeli T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, haikuwa na pampu ya petroli. Tangi lake lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka yenyewe hadi kabureta. Ila petroli ikiwa kidogo na kilima kikiwa kikali, kabureta ilijikuta juu kuliko tangi, na injini ikazimika kwa kiu. Madereva wa siku zile waligeuza gari wakapanda kinyumenyume! Najaribu kumfikiria dereva akifanya hivyo kutoka Mwanga hadi Kikweni. Nadhani abiria wote wangeshuka na kumaliza safari kwa miguu.

Kwa hiyo swali la kwanza si “pampu gani?” bali “tangi liko wapi?” Tangi letu liko nyuma, umbali wa kiasi cha mita 2.5 kutoka kwenye injini. Gari likisimama mahali pa sawa, pampu iko juu ya petroli kwa sentimita 40 hivi. Sasa gari lipande kilima kinachoinuka mita 1 kwa kila mita 5. Sehemu ya nyuma inashuka, na tofauti inaongezeka kwa karibu nusu mita. Jumla ni sentimita 90. Safu ya petroli yenye urefu huo ina msukumo wa karibu ratili 1 kwa kila inchi ya mraba, kwa kipimo kile kile tunachopimia upepo wa tairi. Ratili 1 yaonekana ndogo. Lakini kabureta ya kawaida hutaka ratili 2 hadi 4 tu, kwa hiyo si ndogo hata kidogo.

Tena kuna jambo ambalo wengi husahau. Pampu iliyo kwenye injini, ile inayosukumwa na kamshafti, kwa hakika haivuti petroli. Inachofanya ni kutanua kiwambo chake na kuacha nafasi, na hewa iliyo ndani ya tangi ndiyo inayoisukuma petroli kuja. Pwani hewa hiyo ina msukumo wa ratili 14.7 kwa inchi ya mraba. Ukifika mita 1,500 juu ya bahari inabaki kiasi cha 12.3. Na mlima wa Kindoroko ulio juu yetu unapita mita 2,000. Basi tunapanda kwenda mahali ambapo msukumaji wetu anazidi kuwa mnyonge, huku mzigo wake ukizidi. Ongeza joto: petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka katika joto la kiasi cha digrii 40, na mapema zaidi msukumo wa hewa unapopungua. Gari lililopanda kwa gia ya kwanza muda mrefu, jua la saa nane, upepo hakuna, lina joto kupita hilo chini ya boneti. Petroli hugeuka mapovu ndani ya bomba, pampu inabana mapovu, na kabureta inabaki kavu. Nani hajamwona dereva amesimama kando ya njia akiimwagia pampu maji, au ameivika kitambaa kibichi kama mgonjwa wa homa? Anafanya fizikia, ingawa hakuisoma.

Mwenzangu atasema, “Hayo ndiyo niliyosema, tununue pampu yenye nguvu.” Ngoja kwanza. Pampu anayoitaka ni ya umeme, ya magari yasiyo na kabureta, yale ambayo petroli hupulizwa kwa nozeli. Magari mengi ya mtumba yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam siku hizi ni ya namna hiyo, na ndiyo maana pampu zake zimejaa madukani. Nakubali kwamba pampu hiyo hukaa karibu na tangi au ndani yake na kusukuma petroli badala ya kuingoja, kwa hiyo ugonjwa wa mapovu inauponya. Lakini husukuma kwa ratili 40 na zaidi. Sasa tutazame ndani ya kabureta. Kuna kibakuli, ndani ya kibakuli kuna boya, na boya likielea hupandisha sindano inayoziba tundu la petroli. Tuseme tundu lina kipenyo cha milimita 2. Kwa ratili 3, petroli inaisukuma sindano kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 7 hivi. Kwa ratili 43, ambayo ni kawaida ya pampu za nozeli, nguvu hiyo yafikia uzito wa gramu 95. Boya ni dogo kuliko yai la kuku. Haliwezi kushikilia gramu 95. Sindano itafunguka, kibakuli kitafurika, na petroli itamwagika juu ya bomba la moshi lenye moto. Mwenzangu anataka gari lipande bila kuomba ruhusa, nami naona litapanda hata mbinguni.

Na hata pasipokuwa na moto, kuna ajali. Pampu ya kamshafti ikifungwa kwenye injini, injini ikisimama nayo husimama. Pampu ya umeme haijui kwamba gari limepinduka. Maadamu ufunguo umewashwa, itaendelea kusukuma petroli kupitia bomba lililokatika. Waundaji wa magari wanajua hatari hii, nao huweka swichi ya kuikata. Katika karakana yetu sijasikia mtu akiitaja swichi hiyo, ila fedha ya kununulia pampu imetajwa sana.

Shauri langu ni hili. Tusibadili pampu, tuhamishe tangi. Waliounda Land Rover zile fupi za zamani hawakuwa wajinga walipoliweka tangi chini ya kiti cha mbele. Tukiliweka hapo, bomba linakuwa na urefu wa mita 1 hivi, na kilima kile kile kinaongeza sentimita 20 tu badala ya 50. Kazi ni ya kuchomelea na kutoboa, na karatasi ya bati ya kutenga kiti na tangi, ambayo fundi anayo. Kisha pampu ya kamshafti inatosha kabisa. Injini yetu hata ikijitahidi haitakunywa zaidi ya lita 15 au 20 kwa saa, na pampu hiyo hutoa zaidi ya hapo bila kuhangaika. Iwekwe filta kabla ya pampu, bomba lipite mbali na ekzosi, na tundu la hewa la tangi lisizibwe, maana tangi lisilovuta hewa huishinda pampu yoyote duniani. Kiwambo chake kikichanika, fundi wa Mwanga hubadilisha kwa nusu saa. Ya umeme ikifa saa sita usiku kwenye kona, imekufa.

Kama wenzangu wameshikilia umeme, basi na uwe ule mdogo wa ratili 2 hadi 4, uliotengenezwa kwa ajili ya kabureta, ufungwe karibu na tangi, na waya wake upitie kwenye swichi ya presha ya oili, ili injini ikizimika pampu nayo inyamaze. Hilo sitalipinga. Na atakayesema tuache kabureta kabisa, tuchukue mfumo wote wa nozeli pamoja na kompyuta yake na bomba la kurudishia petroli, nitamsikiliza pia, kwa kuwa huyo anataka kitu kizima. Ninalopinga ni kuchukua nusu ya mfumo mmoja na kuitia katika mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri mwili.

Sasa klachi. Hapa kosa la mwenzangu ni dogo kidogo, ila linaficha kubwa.

Klachi ni sahani iliyobanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Nguvu inayoweza kupitisha yatokana na mambo manne: msuguano wa kitambaa chake, nguvu ya springi inayobana, umbali wa kitambaa kutoka katikati, na nyuso zake ambazo ni mbili. Wa Kidato cha Tatu wanaweza kufanya hesabu hii. Tuseme msuguano ni 0.3 na springi inabana kwa nyutoni 4,000. Sahani ya milimita 200, ambayo wastani wa nusu kipenyo chake ni milimita 82 hivi, hupitisha karibu nyutoni mita 197. Sahani ya milimita 225, yenye wastani wa milimita 94, hupitisha kiasi cha 225. Injini kama yetu, ikiwa na afya njema, haifikishi 150. Maana yake sahani ya kawaida, hata ile ndogo, ina akiba ya kutosha. Nguvu ya klachi ya mashindano tungeilipia bila kuitumia.

Tena nguvu hiyo ina ubaya wake. Klachi za mashindano nyingi zina vipande vya madini badala ya kitambaa. Hushika mara moja, kama mlango unaofungwa na upepo. Katika uwanja wa mbio hilo ni jema, lakini gari lenye mzigo likianza kuondoka kwenye kilima lahitaji klachi iteleze kidogo, ishike polepole, magurudumu yaanze kuzunguka kwa adabu. Isipoteleza, mshindo wote hupelekwa kwenye shafti na difu, na Land Rover za zamani zinajulikana kwa kukata eksel. Ukiimarisha kiungo kimoja, kinachofuata ndicho kinachovunjika. Nami afadhali nibadilishe sahani ya klachi kuliko eksel iliyokatika gari likiwa na ng’ombe nyuma. Halafu springi ngumu hutaka mguu mgumu. Pedali yake humchosha dereva kabla ya kufika nusu ya njia, na kila inapokanyagwa huisukuma kranki ya injini kwa mbele, na vile vipande vyembamba vinavyoizuia huisha upesi.

Lakini nilisema kosa hili linaficha kubwa. Kubwa lenyewe ni kwamba hakuna aliyeuliza kama sahani itaingia. Kitambaa na kipenyo chake lazima vifuate flaiwili ya Toyota, kwa kuwa presha pleti imefungwa hapo. Lakini tundu la katikati, lile lenye meno, lazima lifuate shafti ya giaboksi ya Land Rover. Duka lolote litakuuzia klachi ya Toyota au klachi ya Land Rover. Klachi ya “Toyota kwa Land Rover” haipo rafuni. Hutengenezwa kwa kutoa kitovu cha sahani moja na kukipigilia katika nyingine, na ni kazi ya fundi hodari, si ya kila mtu mwenye nyundo, kwani kitovu kikikaa upande hata kidogo sahani hutetemeka na kitambaa huliwa upande mmoja. Au hutafutwa sahani ya gari la tatu ambayo kwa bahati ina kipenyo cha hili na meno ya lile. Ili kuitafuta ni lazima uende dukani na namba tatu: kipenyo cha sahani, idadi ya meno, na unene wa shafti. Hadi leo hatuna hata moja. Tuna kauli tu kwamba inunuliwe kali.

Ncha ya shafti nayo inaingia katika beringi ndogo iliyo katikati ya kranki. Kama ncha ya Mwingereza ni nyembamba kuliko tundu la Mjapani, fundi atachonga bushi ya shaba; kama ni nene, kuna kazi zaidi. Hili nalo latakiwa kupimwa kabla injini haijakaa mahali pake, maana baada ya hapo kulipima ni kushusha giaboksi yote, na giaboksi ile tuliibeba watu wanne tukapumzika mara mbili.

Kuna pia silinda mbili za klachi, ya juu kwenye pedali na ya chini kwenye giaboksi. Watu hununua yoyote inayofanana kwa umbo. Ya juu ikiwa na kipenyo cha milimita 19 na ya chini 22, ukiisukuma ya juu milimita 30 ya chini husogea 22 tu, kwa kuwa eneo ndilo linalogawanya, na eneo hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe. Je, milimita 22 zinatosha kuiachia presha pleti yetu? Ikiwa hazitoshi, gia zitalia kila zinapoingizwa, na dereva atailaumu giaboksi ambayo haina kosa. Tulipime hilo kwa rula gari likiwa bado wazi.

Nimeona mwenyewe, mwaka jana wakati wa masika, pikapu moja iliyojaa ndizi ikisimama katikati ya kilima kwa sababu klachi yake ilianza kuteleza. Harufu ilifika kabla ya gari. Dereva alikuwa mtulivu, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akashusha nusu ya mzigo, akangoja ipoe. Fundi alipoifungua, kitambaa kilikuwa bado kinene! Kilikuwa kimelowa oili iliyovuja kutoka sili ya nyuma ya injini. Mtu angeweza kununua klachi tatu za mashindano akazilowesha zote kwa oili ile ile. Sili ni kipande cha mpira cha bei ndogo. Katika orodha ya manunuzi iliyobandikwa karakanani, pampu imeandikwa kwa herufi kubwa, na sili haimo.

Naomba nimkumbushe mwenzangu jambo jingine. Giaboksi ya Land Rover ina gia ya ziada ya kupunguza mwendo, ile ya kikono kidogo. Kuondoka kwenye kilima kwa gia hiyo kunaipunguzia klachi kazi kupita sahani yoyote ya mashindano, na hiyo tunayo tayari, bure. Ina kutu kidogo. Dada zetu wawili wa Kidato cha Tatu wameisafisha kwa dizeli Jumamosi mbili, na sasa yaingia.

Kuhusu kununua, sina mengi. Vitu vya bandia viko, kila mtu anajua, na boksi zuri si ushahidi. Sahani ya klachi ichunguzwe ribiti zake zimekaa sawa, springi za katikati zisicheze mkononi, na kitovu kitelezeshwe kwenye shafti yenyewe. Kwa hiyo shafti ipelekwe dukani, au angalau sahani ya zamani. Pampu ipigwe kwa mkono na kidole kizibe tundu la kuingilia. Kama kidole kinavutwa na kubaki kimevutwa, vali ni nzima. Mwuza duka akikataa kitu chake kijaribiwe, tutoke. Baba mdogo wangu ni dereva wa miaka mingi wa njia hii, naye huniambia, “Mwanangu, kitu unachoweza kukikuta Same na Mwanga siku ya Jumapili ndicho kizuri.” Sikubaliani naye katika kila jambo, kwani hutumia pia sabuni kuziba tangi, ila katika hilo yuko sawa kabisa.

Najua wako watakaosema kwamba naandika kama mtu wa kuogopa, na kwamba vijana wasipothubutu nchi haitatengeneza gari lake. Kuthubutu kumekwisha fanyika siku tulipoitoa ile chesisi chini ya kuku. Lililobaki ni fedha ya watu. Ilitolewa na wazazi wenye mashamba ya migomba, wengine kwa noti zilizokunjwa mara nne, na hawakutuuliza tutanunua nini. Ikiisha kwa pampu isiyofaa, sidhani kama watatoa ya pili, wala sioni kwa nini watoe.

Fundi ametupa muda hadi Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, ndipo atashuka Moshi na orodha. Kalipa nimeiomba maabara ya fizikia, na mwalimu amekubali kwa sharti irudi bila grisi. Namwalika mwenzangu wa Kidato cha Sita aje naye, kwa kuwa macho yake ni mazuri kuliko yangu na meno ya shafti ni madogo. Tutaanza na hayo, kisha sili.